Kura ya Vikombe juu ya Siasa za Ulaya

Benchi letu liko Kitale, nje ya duka la dawa za mifugo la Kabiru, na linatazamana na ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja kwa sababu faili langu bado liko humo. Ubao wa ofisi unasema HUDUMA BORA KWA WOTE. Chini yake mtu ameandika kwa chaki, Rudi Kesho, na hiyo chaki ndiyo inayofuatwa. Benchi hukalisha wanne. Pembe ya kuegemea ukuta ni ya Mzee Wanyonyi, aliyestaafu akiwa naibu wa chifu, ambaye sote tunamwita Mwenyekiti. Wa pili ni Kabiru mwenyewe, aliyeitwa Sindano kwa kudunga ng'ombe wa nusu ya kaunti. Wa tatu ni Hillary, fundi wa simu, jina lake la hapa Waya. Nafasi ya nne ni ya yeyote aliye na jambo. Mimi hukaa kwenye kreti la soda, na kreti halina kura. Jambo likishinda ubishi, tunapiga kura kwa vikombe: kikombe chini ni ndiyo, kikombe mkononi ni hapana, na kura zikitoka sare anaamua Mwenyekiti. Vikombe vyote ni vya Nyaruai, muuza kahawa, ambaye hapigi kura kwa kuwa yeye hashiki kikombe, hushika birika. Miaka kumi na mmoja sijawahi kumwona akikaa.

Ijumaa iliyopita, yapata saa nne, Mukhisa aliingia kutoka Saboti na bahasha mkononi, akaketi nafasi ya nne. Alikuwa na sura ya mtu aliyeona ndovu kwenye mahindi yake na hajui amwambie nani.

Mukhisa: Nangila amepata chuo. Uholanzi. Wanamlipia kila kitu mpaka ndege.

Sindano: Daktari mwenzangu. Mimi nilisema.

Mukhisa: Sasa hapo ndipo kuna shida.

Alimpa Waya barua. Waya aliisoma kimya, akaigeuza kutazama nyuma, akairudia kwa sauti, akitafsiri.

Waya: "Shahada ya Siasa na Jamii za Ulaya. Miaka mitatu. Masomo yote ni kwa Kiingereza."

Kikombe cha Sindano kilisimama katikati ya safari, kati ya goti na mdomo. Ni lazima nieleze. Tangu Nangila aingie kidato cha pili, benchi hili limemjua kama daktari. Sindano alimpa koti jeupe la dukani. Mwenyekiti alishamwonyesha goti lake linalouma. Mukhisa alilitangaza kanisani mara mbili, na mara ya pili watu walisimama.

Sindano: Soma tena. Pengine chini wameandika na dawa.

Waya: Chini wameandika "karibu sana".

Mwenyekiti: Na wewe baba mtu ulikuwa wapi?

Mukhisa: Nilikuwa kwa shamba, Mzee. Mwaka mzima namwona na taa, na vitabu, nikajua ni biolojia. Kumbe anaandikia Wazungu.

Mwenyekiti: Na sasa unataka nini kwetu?

Mukhisa: Hatafikisha miaka kumi na minane mpaka Novemba. Kuna fomu ya mzazi. Natia sahihi mbele ya ofisa pale ng'ambo, anapiga muhuri, Waya anatuma. Ikipita leo, nafasi anapewa mwingine.

Sindano: Mtoto yuko wapi?

Mukhisa: Kwa foleni. Koti la ofisa liko kwa kiti. Ofisa mwenyewe alienda chai saa mbili.

Mwenyekiti: Na wewe unasemaje?

Mukhisa: Mimi sisemi. Benchi likisema ndiyo, natia. Likisema hapana, nitamwambia ni benchi.

Nyaruai alimjazia kahawa bila kuulizwa. Halafu kikao kikafunguliwa, maana yake Mwenyekiti alikohoa.

Mwenyekiti: Mimi nashangaa kitu kimoja. Zamani wao ndio walikuwa wanakuja kutusoma. Mzungu mmoja alikaa kwa babu yangu huko Kabuchai miezi sita. Anauliza nani ameoa kwa nani, nani anachinja, nani anakula ulimi. Anaandika tu. Mpaka babu akafikiri ni kichaa, akawa anamhurumia, anampa maziwa. Ameenda kwao, kitabu kikatoka. Kilipotoka kitabu, tukaletewa chifu.

Waya: Hiyo tunajua, Mzee. Ulituambia Jumanne.

Mwenyekiti: Sasa wewe fikiria. Huyu msichana akienda kusoma nani anaoa nani huko kwao, kitabu kikitoka, nani ataletewa chifu?

Hata Nyaruai aliacha kupangusa birika.

Sindano: Unasema Nangila atakuwa chifu wa Uholanzi?

Mwenyekiti: Sisemi. Nasema vile ilikuwa.

Mukhisa: Msichana wa Saboti aite Wazungu kwa baraza?

Mwenyekiti: Na wakikosa kuja awaandike majina. Kazi ya uchifu ni hiyo, bana. Mimi niliifanya miaka ishirini na sita nikabaki naibu. Yeye anaanzia juu.

Hapo nilielewa kinachomuuma, lakini nimeshasema kreti halina kura.

Sindano: Acheni uchifu. Mimi Waholanzi nawajua kwa kazi yangu. Hawa ng'ombe wa Freshian wametoka wapi? Kwao. Mholanzi anajua mama ya ng'ombe wake, na nyanya yake, na lita alizotoa mwaka gani. Yote iko kwa karatasi. Watu kama hao hawatoi kitu bure. Walituletea mbegu ya dume ikaja kwa mtungi wa baridi, tukapandisha ng'ombe zetu, zikabadilika. Sasa wanataka mbegu kutoka huku.

Mukhisa: Kabiru, ni mtoto wangu huyo unaongelea.

Sindano: Naongea siasa, Baba Nangila. Siasa yao imepoa. Hakuna mtu anarusha kiti. Nasikia waziri mkuu anaenda kazi na baisikeli, na hakuna mtu anamkimbiza nyuma. Hiyo ni damu imechoka. Wanachukua watoto wa huku wenye damu ya siasa wachanganye. Baada ya miaka kumi utaona bunge lao limeanza kutoa maziwa.

Waya: Wazee wangu, nyinyi mko mbali na ground. Iko hivi. Ulaya haina watoto. Nimeona kwa simu. Kuna vijiji mtu anauziwa nyumba na bei ya kuku ndio akuje tu kukaa. Sasa fikiria wewe ni mzee, uko na nyumba kubwa, huna mtoto. Utafanya nini? Si unaita mtu, unamzungusha? Hii ni jikoni, hii ni stima inazimwa hapa, huyu ni jirani msumbufu. Halafu unamwachia funguo. Hiyo digrii ndiyo hiyo kuzungushwa. Msee, ikifika elfu mbili sitini, Ulaya yote itakuwa inalindwa na watu wa hapa Trans-Nzoia.

Mukhisa: Kulinda kama soja wa geti?

Waya: Kama mwenye nyumba, Baba Nangila. Soja atakuwa Mzungu.

Sindano: Na kwa nini wanafundisha kwa Kiingereza? Mholanzi ako na lugha yake. Mimi nimeiona kwa chupa za dawa, ni ndefu kama treni. Yaani mtu anakaa kwao, anafundishwa mambo ya kwao, kwa lugha ya jirani?

Mwenyekiti: Hiyo sasa ni maajabu. Hiyo hata mimi sijawahi kusikia.

Nyaruai: Kwani mvua ya Saboti Nangila alifundishwa na lugha gani shuleni?

Mwenyekiti alimtazama kwa namna anavyotazamwa mtu aliyeongea kwenye mkutano bila kuinua mkono, kisha akatangaza kura.

Waya alitua kikombe chini mara moja. Mwenyekiti alikumbatia chake kwa mikono miwili. Sindano alichelewa kidogo, akakibana kwapani, akasema yeye hana ubaya na mtu, ni vile koti lile lilikuwa jipya. Ikabaki kura ya Mukhisa. Akikishika, ni hapana tatu. Akikitua, ni sare, na sare huamuliwa na Mwenyekiti, ambaye alikuwa ameshaamua. Kwa hesabu yoyote Nangila alikuwa anabaki Saboti. Mukhisa alikiteremsha kikombe polepole mpaka kikawa shibiri moja kutoka ardhini, na hapo kikakwama.

Mwenyekiti: Hiyo ni nini?

Mukhisa: Bado nafikiria.

Ndipo Nangila alipovuka barabara. Alikuwa amevaa lile koti jeupe, kwa sababu asubuhi za Kitale zina baridi na koti ni koti. Sindano aliona, akatazama viatu vyake.

Nangila: Hamjambo wazee. Baba, ofisa amerudi. Anasema anafunga saa sita na wewe ndiye unafuata. Lakini kwa fomu ya chuo kuna swali moja sijamaliza, naomba mnisaidie mara moja.

Sindano: Swali la Ulaya?

Nangila: La hapa. Wanataka nieleze kikundi chochote nimeona kikiamua mambo ya watu, na vile kiongozi wake alipata hiyo nafasi. Nimeandika hii benchi.

Mwenyekiti aliketi wima. Nilimwona akifunga kifungo cha juu cha shati.

Mwenyekiti: Umeandika mimi?

Nangila: Ukurasa mzima, babu. Vile kura inapigwa na vikombe, vile ukikohoa watu wananyamaza, vile sare ni wewe. Imebaki mstari mmoja tu. Ulichaguliwa lini?

Mwenyekiti: Andika tangu nilipostaafu.

Nangila: Hiyo ni siku ya kustaafu. Siku ya kuchaguliwa ni gani?

Mwenyekiti: Kabiru, mwambie.

Sindano: Mimi? Mimi nilikukuta.

Mwenyekiti: Utanikuta vipi na duka ni lako?

Sindano: Kweli. Na benchi nilinunua mimi, kwa seremala wa Moi's Bridge. Siku ya kwanza halikuwa na mtu.

Waya: Sasa Mzee alitoka wapi?

Sindano alifikiri. Kikombe kilimponyoka kwapani, akakidaka.

Sindano: Alitoka hapo ng'ambo. Nakumbuka. Ulikuwa unafuata faili yako, Mzee. Wakakuambia urudi kesho. Ukavuka, ukaniuliza kama unaweza kukaa kidogo.

Waya: Halafu?

Sindano: Halafu ndiyo hii.

Nangila: Faili ilipatikana, babu?

Mwenyekiti: Bado.

Miaka kumi na mmoja tumeamua hapa nani asiuze shamba, nani arudiane na mke, mtoto wa nani aende polisi na wa nani aende ualimu, na wote waliohusika walitii, na kumbe aliyekuwa akikohoa alikuwa tu anangoja ofisi ifunguliwe. Kalamu ya Nangila ilikuwa juu ya karatasi.

Nangila: Kwa hivyo niandike hakuna aliyekuchagua?

Mwenyekiti alisimama. Nadhani alitaka kulijibu swali kwa heshima yake, kama alivyokuwa akisimama barazani enzi zake. Alisimama, akainua kidole, na kidole kikabaki juu.

Nyaruai alizunguka kreti langu, akapita mbele ya magoti ya watu, akaketi pembe ya ukutani, birika mapajani.

Nyaruai: Kahawa imeisha. Leteni vikombe.

Walileta. Ni mazoea; birika likisema vikombe, mkono unatoa. Waya aliokota chake. Sindano alitoa chake akiwa bado anatazama lile koti, akasema kwa sauti ya chini kwamba hata hivyo lilikuwa limemkaa vizuri. Mwenyekiti, akiwa amesimama, alinyoosha chake bila kutazama. Kura zote zikawa zimerudi kwa Nyaruai; kilibaki kikombe kimoja, shibiri moja kutoka ardhini.

Nyaruai: Baba Nangila, nipe ama weka chini. Kwangu hakuna ya hewani.

Mukhisa alimgeukia bintiye. Nadhani ndiyo mara ya kwanza asubuhi hiyo alimtazama.

Mukhisa: Na ukishawasoma hao watu, utarudi?

Nangila: Baba, hata yule mzungu wa Kabuchai alirudi kwao.

Mukhisa: Yeye alikaa miezi sita.

Nangila: Na alikuwa anapewa maziwa. Mimi ni miaka mitatu, na najua kupika.

Mukhisa: Kanisani nitasema nini?

Nangila: Sema mimi ndiye sikukuambia. Nitakuja nisimame na wewe.

Mukhisa alitua kikombe chini. Alikitua taratibu kama kwamba kina kitu ndani, akahakikisha hakiyumbi, kisha akainuka, akatoa bahasha, na wawili hao wakavuka barabara, koti jeupe mbele, yeye nyuma. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Kutoka kwenye kreti langu niliona dirisha la ofisa likiwa wazi, nikaona Mukhisa akiinama, na muhuri ukishuka mara mbili.

Benchi lilikuwa na Nyaruai, Sindano na Waya. Nafasi ya nne ilikuwa tupu, lakini hiyo ni ya mtu aliye na jambo, na Mwenyekiti hakuwa tayari kukubali kwamba analo.

Mwenyekiti: Sasa mimi nikae wapi?

Nyaruai alipangusa birika, akalegeza viatu, akaegemea ukuta.

Nyaruai: Rudi kesho.