Picha Nne za Mwisho wa Filamu

Ijumaa tarehe 30 Juni 2006, Bi. Beth Wakonyo anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha mbegu, Kitale, kwa miaka thelathini na miwili. Aliajiriwa mwaka 1974 kama kibarua wa kupalilia. Wakubwa walipoona ana mwandiko unaosomeka na jicho lisilochoka, wakampa daftari la ploti za majaribio, na mwaka 1981 wakamkabidhi kamera ya kituo. Tangu hapo, hakuna hindi lililougua katika mashamba yetu ambalo Madam Wakonyo hakulipiga picha.

Wanaomjua wanajua jinsi anavyofanya kazi. Upepo ukipuliza, hapigi. Husimama katikati ya mahindi, mikono imetulia, akingoja majani yaache kucheza. Wakati wa mvua ndogondogo, ukungu ukiwa umeshuka kutoka Mlima Elgon, huonekana kofia yake tu juu ya mimea, imekaa kimya kama kitu kilichosahauliwa shambani. Kuna kibarua mpya aliyekuja mbio ofisini kutuambia ati kuna mama amelala akiwa wima.

Sehemu ya kazi yake tuliyoipenda zaidi haimo katika maelezo ya cheo chake. Kila eneo la majaribio lina ploti thelathini na mbili, na filamu ilikuwa na picha thelathini na sita. Zilibaki nne. Filamu haikupelekwa kuoshwa mpaka iishe, kwa hiyo kwa miaka mingi Madam alizimaliza kwa kupiga mawingu au viatu vyake mwenyewe. Mwaka 2000, Kiptum, mlinzi wa lango, alimwomba moja. Kila asubuhi Kiptum hupiga mluzi kwa ndege fulani wa kahawia anayekaa kwenye ua, na ndege humjibu. Alitaka picha, kwa sababu nyumbani walikuwa wanasema anadanganya.

Picha ilipotoka, ilimwonyesha Kiptum akiwa amebana midomo na macho yamefumbwa nusu, na ndege kwenye waya, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza habari muhimu. Mluzi hauonekani kwenye picha, lakini ukiitazama kwa muda unaanza kuusikia. Kiptum aliibandika kwenye ubao wa chumba cha chai, na toka siku hiyo picha nne za mwisho zikawa na foleni.

Jelagat wa jikoni alileta maua yake, yale anayopanda ndani ya chupa za chai zilizovunjika. Mimi, mwandishi wa wasifu huu, nilichelewa kujitokeza kwa sababu niliona aibu. Jioni nikitoka kazini huwa natengeneza baiskeli ndogo za waya, zenye magurudumu yanayozunguka na kengele isiyolia. Mtu mzima, baba wa watoto watatu! Madam hakucheka. Agosti 2001 aliniambia niiweke moja kwenye dirisha la ofisi ya kumbukumbu, kisha akangoja jua lifike. Ilichukua karibu saa nzima. Jua lilipofika, kivuli cha baiskeli kilitanda ukutani, kikubwa kama baiskeli ya kweli, na kila waya wa gurudumu ukaonekana. Katika picha ile, kivuli ndicho kinachokwenda safari na baiskeli inabaki dirishani.

Niliipenda mno. Niliiweka mezani kwangu katikati ya karatasi za kazi, nikawa naitazama nikichoka. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Januari 2002, baada ya ripoti yetu ya majaribio kupelekwa, ilikuja barua kutoka makao makuu, picha imebanwa juu yake kwa pini: "Ploti namba 17. Dalili za ugonjwa huu hazieleweki. Tafadhali toeni maelezo." Ugonjwa wenyewe ulikuwa baiskeli yangu ya waya. Tulicheka dakika moja, kisha kicheko kikakatika, maana barua ya pili ilisema kwamba filamu ya kituo inatumiwa kwa mambo ya binafsi na mhusika achukuliwe hatua.

Meneja wetu, Dkt. Cheruiyot, alimwita Madam ofisini. Mlango ulikuwa wazi nami nilikuwa kwenye kabati la mafaili, hatua chache tu.

"Hii baiskeli ni ya nani?" Daktari aliuliza.

"Kamera nilishika mimi," Madam alisema.

"Sijauliza kamera. Nauliza nani aliweka picha hii kwa ripoti."

Madam aliitazama ile picha. "Ripoti ni yangu, Daktari. Kama kuna makosa, ni yangu."

Alipewa barua ya onyo, akanyang'anywa kamera, akahamishiwa kituo chetu kidogo cha Bungoma kupima magunia ya mbegu. Ni mjane, na binti yake Lorraine alikuwa anaingia kidato cha tatu hapa Kitale. Ilibidi msichana aachwe kwa shangazi yake Kiminini. Siku ya kuhama nilimsaidia Madam kupakia jiko na mkeka kwenye lori la mbegu. Nilimfungia kamba vizuri. Nilisema, "Safari njema, Madam." Sikusema lingine, wala siku hiyo wala zilizofuata.

Ubao wa chumba cha chai ulibaki na matundu ya pini. Jelagat alikuwa akiwaambia waliouliza kwamba picha zimeenda kuoshwa upya.

Juni mwaka huohuo dereva wa lori la mbegu, aliyepitia Kimilili akitoka Bungoma, alishusha bahasha iliyoandikwa, "Kwa chumba cha chai, Kitale." Ndani mlikuwa na picha moja. Madam alikuwa amenunua kamera kuukuu kutoka kwa mpiga picha wa sokoni, kwa pesa zake mwenyewe. Picha ilikuwa ya barabara ya Kibabii alfajiri, ukungu umejaa mpaka kifuani, na waendesha baiskeli wanaelea juu yake bila magurudumu, mabega na kofia tu, kila mmoja akiwa na mzigo wake wa ndizi au maziwa. Nyuma alikuwa ameandika: "Huku pia kuna watu. Nyinyi mnafanya nini siku hizi?"

Tulipitishiana picha ile mpaka chai ikapoa. Kisha Kiptum akaenda kuazima kamera kwa shemeji yake.

Ndivyo bahasha ilivyoanza kusafiri. Kila mwezi lori liliipeleka na kuirudisha, na kila mtu alitia picha moja tu, nyuma ameandika alichokuwa akifanya roho ikiwa imepumzika. Mhasibu wa Bungoma alituma picha ya kitabu anachobandika karatasi za peremende alizookota tangu utotoni, kurasa zinang'aa kama dirisha la kanisa. Fundi wa trekta alituma picha ya sufuria ya maji: kumbe Jumapili hukaa nyuma ya nyumba akitazama mawingu yakipita ndani ya sufuria, kwa sababu shingo yake inauma na hawezi kuinua kichwa. Tulikuwa tumefanya kazi na watu hawa miaka kumi bila kuwajua. Kufikia mwisho wa mwaka 2004 waliotia picha walikuwa arobaini na mmoja.

Dkt. Cheruiyot ameniruhusu nieleze yanayofuata. Novemba 2004 aliingia chumba cha chai, mahali asipofika, na sote tukasimama.

"Kaeni, kaeni," alisema. "Mko na pini?"

Alikuwa na picha yake. Ilionyesha reli huko Moi's Bridge, nyasi zimeota katikati ya vyuma viwili, na mbele kabisa ncha za viatu vyake na chupa ya chai. Nyuma aliandika kwamba Jumapili baada ya ibada huenda kukaa pale stesheni kungoja treni. Babake alimzoesha akiwa mdogo. Siku hizo treni zilikuwa adimu, lakini aliendelea kuzingoja. Alibandika picha, akaitazama kama anayeona ya mtu mwingine, akatoka. Wiki iliyofuata alimwandikia Madam barua ya kumrudisha Kitale, na Januari 2005 kamera ya kituo ikarudi mikononi mwake, safari hii ya kidijitali, isiyo na filamu wala picha za kubaki. Jelagat alisema basi sasa tutapiga hata mia. Madam alikataa: mtu mmoja, picha moja kwa mwezi. Mpaka leo ni hivyo.

Mwezi uliopita niliombwa kuandika wasifu huu. Nikaona siwezi kuanza kabla ya kwenda shambani. Nilimkuta Madam akimaliza mstari wa ploti, mahindi yakiwa bado ya magotini. Alikuwa anahesabu picha zake kwenye kioo cha kamera. Tangu arudi kutoka Bungoma huhesabu mara tatu, na wengi wetu tumemtania kwa hilo.

"Madam," nikasema, "ile baiskeli niliiweka mimi kwenye ripoti. Ilikuwa mezani kwangu, ikachanganyika. Niliogopa kusema."

Upepo ulipita, majani yakacheza, yakatulia.

"Mukhisa," akasema, "mimi nilidhani ni mimi."

Sikuelewa.

"Nilidhani ni mimi nilichanganya nakala yangu. Miaka hii yote. Nikawa siamini mikono yangu."

Nilikuwa nimefikiri alinilinda. Kumbe alikuwa amejilaumu, kila siku, kwa kosa nililoweza kumwondolea kwa sentensi moja. Nilisema pole, mara nyingi. Alitembea mpaka mwisho wa mstari, akasimama huko na mgongo wake kwangu kwa muda mrefu. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anatabasamu kidogo.

"Sasa nitahesabu mara moja," akasema. Kisha akaongeza: "Uiandike hivyo hivyo. Usinipambe."

Nimeiandika. Wote wanaokuja Ijumaa waisome.

Madam Wakonyo anahamia Kiminini, kwenye kishamba cha wazazi wake, ambako Lorraine, sasa mwanafunzi wa ualimu, atakuwa akimtembelea likizo. Anasema atapanda viazi, maharagwe na maua, chochote ila mahindi. Bahasha itapita kwake pia, dereva ameshaonyeshwa njia.

Kwa niaba ya wafanyakazi wa Kitale na Bungoma: asante kwa miaka thelathini na miwili, na kwa jinsi ulivyotufundisha kutazamana. Kwa niaba yangu mwenyewe: nisamehe ile miaka minne ya kunyamaza. Mungu akupe afya, asubuhi zisizo na haraka, na usingizi mzuri. Ishi salama, Madam.

Mukhisa, Ofisi ya Kumbukumbu