Kombe Menza na Visima Kumi na Kimoja

Hakuwa na cheti. Hakuwa na meza ofisini, wala kiti cha kukalia. Hakuwa na baiskeli. Alikwenda kwa miguu. Hakuwa na simu, hakuwa na saa ya mkononi, na siku alipoiona kompyuta kwa mara ya kwanza, alikuwa na miaka sitini na moja na hakujua aisalimie upande gani.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Mzee Kombe Menza, msoma visima wa Mji wa Kale, tuliyemzika Jumanne iliyopita. Jioni hii tunamkumbuka. Na kwa ruhusa ya wenyewe tutacheka kidogo, maana marehemu hakupita kichochoro bila kumwacha mtu akicheka.

Kwa miaka thelathini Mzee Kombe alipima maji ya visima kumi na kimoja. Saba vya misikiti, vinne vya majumba. Alipaka chaki kwenye utepe wa chuma, akauteremsha kisimani, akauvuta, akasoma pale chaki ilipolowana. Kisha akaandika daftarini. Kuandika alijifunza ukubwani, katika madarasa ya jioni kule Buxton.

Bintiye, Tumu, anasema: "Baba akisoma lile daftari kwa sauti kama barua ya mchumba. 'Kisima cha tatu, futi kumi na moja!' Nasi watoto lazima tuitikie, 'Marhaba!'"

Sasa twende mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na saba, mwezi wa Septemba. Tulikuwa tumeonywa kwamba mvua kubwa zinakuja. Ofisi alikofanyia kazi ilikuwa imeletewa programu ya kompyuta, na mhandisi wake alikuwa binti wa bara, Everlyne Nasipwondi. Programu ile hunyesha mvua ndani ya mashine, ikaonyesha mtaa gani utajaa maji. Lakini kabla ya kuanza huuliza swali moja: leo maji yako wapi? Ukiiambia maji yako mbali chini, huona ardhi ina kiu, na mvua yote huinywesha ardhi.

Everlyne aliijibu kwa vipimo vipya. Mashine ikasema Kichochoro cha Kofia kitabaki kikavu. Basi wazibua mitaro wapelekwe Shimanzi, na mtaro wa Kofia, uliojaa mchanga, ungoje mwakani.

Kofia ina nyumba thelathini na mbili. Mzee Kombe akaingia ofisini na daftari kwapani.

"Sabalkheri, mwanangu. Hivi vipimo vilichukuliwa lini?"

"Sabalkheri, mzee. Ijumaa, saa nane mchana. Wewe ulikuwa umekwenda harusini Rabai. Tulichagua Ijumaa kwa sababu watunza visima wote huwa wapo na milango iko wazi."

Mzee akacheka hadi akashika ukuta. "Mwanangu weye! Ijumaa saa nane? Mji mzima umetoka kutawadha! Na majumbani watu wameshaoga josho la Ijumaa. Mmekipima kisima kikiwa kinahema!"

Bwana Crispus, mkubwa wa ofisi, akainua kichwa. "Mzee, kompyuta haikosei."

"Haikosei, bwana. Lakini ni mtoto wa watu. Mwaiambia, nayo yaitika."

"Na wewe si unakaa Kofia? Unataka mtaro wa mlangoni kwako uzibuliwe!"

Neno lile lilimchoma. Alimtazama Everlyne tu, na Everlyne akasema, "Tukapime upya, mzee. Lini?"

"Jumatano, saa tatu asubuhi. Na tangu alfajiri asichote mtu."

Jumatano Kadzo, muuza mahamri, alikuwa kisimani na ndoo zake mbili, mikono kiunoni. "Kombe, kisima kinapumzika, na unga wangu upumzike?"

"Subiri kidogo, mama. Mvua ikija unga wako utaogelea bila ndoo."

Watu wakacheka, wakangoja. Vijana wa ofisi wakasimama visimani na tepe zao, mzee akiwapitia kuhakiki. Maji yalikuwa juu kwa futi tatu kuliko ya Ijumaa. Visima vyote kumi na kimoja. Everlyne akaviingiza vipimo, mashine ikanguruma, na Kichochoro cha Kofia kikageuka buluu kutoka mwanzo hadi mwisho. Everlyne akapiga makofi. "Mzee, umefurika!" Mzee naye akaitikia, "Marhaba!"

Lakini Bwana Crispus alisema amri ya wazibua mitaro imetoka Nairobi, na Nairobi haisikii maneno ya mdomo. Iandikwe barua. Mfuko wa barua unaondoka saa nane.

Wasikilizaji wapendwa, mvua ile mnaikumbuka. Na watu wa Kofia wanakumbuka maji yalivyopita katika mtaro uliokwisha kuzibuliwa yakielekea baharini, na Kadzo akikaanga mahamri mlangoni, miguu mikavu.

Kwa mjane, Bi Mejumaa, kwa Tumu na ndugu zake, tunatoa mkono wa taazia. Mola amrehemu. Nasi tuliobaki tujiulize: tunapoanza jambo, nani amekwenda kuchungulia kisimani?

Barua yenyewe, Bi Mejumaa aliiona ikiandikwa. Ametusimulia hivi.

Mzee alikaa barazani, akaandika vipimo vyote, saa na siku. Kisha kalamu ikasimama. Akamuuliza mkewe, "Niseme nakaa Kofia?"

"Usiposema, atasema Crispus."

Akacheka, akaandika: "Bwana Mkubwa, mimi nakaa katika kichochoro hiki. Kwa hiyo usiniamini mimi. Tuma mtu yeyote apime, asubuhi, siku yoyote isiyo Ijumaa." Akatia sahihi, jina lote, polepole.

Bahasha ilikuwa ya zamani, gundi yake imeliwa na unyevu. Bi Mejumaa akampa tonge la wali. Mzee akalisaga kwa kidole gumba, akapaka, akabana, akaikalia kidogo ishike. Kisha akaenda kwa miguu hadi ofisini, akaitia katika mfuko wa barua kwa mkono wake, akasimama hapo mpaka mfuko ulipofungwa kamba na gari likaondoka.