Mahindi ya Mzee Mwinjuma

HASHIM: Haloo, nani mwenzangu?

IKRAM: Kaka Hashim, ni mimi Ikram, karani wa ghala la Sindeni. Habari za Korogwe, fundi?

HASHIM: Njema, dada. Mbona unanong'ona?

IKRAM: Kuna watu nje. Kaka, ile apdeti ya kompyuta ya jana... lile dirisha jeusi la kipima unyevu limekuwa dogo. Herufi kubwa kama za bango.

HASHIM: Vuta ukingo wa chini.

IKRAM: Nimevuta mpaka mausi imetoka jasho. Halivutiki.

HASHIM: (anacheka) Lakini si linasoma?

IKRAM: Linasoma... Nimepima mahindi ya Mzee Mwinjuma, nikaona maji matupu. Nikayakataa. Sasa nimepima yaleyale tena, kimyakimya, yanasema makavu.

HASHIM: Haloo? Unakatika—

IKRAM: Nasema makavu!

HASHIM: Aa. Bonyeza Kontroli, usiiachie, halafu sifuri.

IKRAM: Ngoja... Ee! Herufi zimenywea. Kumbe chini kuna mstari mwingine.

HASHIM: Huo ndio wa kipimo kipya. Dirisha lilipungua, ukafichika. Wewe ulikuwa unasoma wa aliyetangulia.

IKRAM: Aliyetangulia?

HASHIM: Ee. Umeshapima wangapi?

IKRAM: Wawili tu, ndio kwanza tumefungua. Kaka, nilimwambia mzee wa watu amemwagia maji ili magunia yawe mazito. Mbele ya foleni nzima.

HASHIM: Weee!

IKRAM: Akanipa punje. "Mjukuu wangu, itafune, mahindi makavu hulia jinoni." Nikaitupa chini, nikamwambia meno si kipimo. Watu wakacheka.

HASHIM: Naye?

IKRAM: Akaiokota ile punje, akairudisha guniani.

HASHIM: Mwambie ni apdeti. Mwite ofisini, mpooze kwa maneno mawili, yaishe.

IKRAM: Nilimvua nguo barazani, nikamvishie chumbani?

HASHIM: Basi toka, useme. Kompyuta haina mshipa wa aibu, itupie lawama. Ila huyo aliyemtangulia, mwenye maji, mrudishe apimwe upya. Ni nani?

IKRAM: (anasogeza kiti)

HASHIM: Haloo? Mtandao huu—

IKRAM: Nakusikia.

HASHIM: Ni nani, dada?

IKRAM: Baba.

HASHIM: Baba yako mzazi?

IKRAM: Alfajiri nilimwona na ndoo, karibu na magunia. Nikajua anapeleka maji kwa kuku.

HASHIM: Labda ni kuku kweli.

IKRAM: Kuku tuliwauza, kaka.

HASHIM: (anashusha pumzi) Sasa yuko wapi?

IKRAM: Hapo nje. Anamsaidia Mzee Mwinjuma kushona magunia arudi nayo nyumbani. Anampa pole.

HASHIM: Lo. Dada Ikram, sikiliza. Mimi ni fundi tu. Dirisha limepona. Hayo mengine—

IKRAM: Pikipiki imefika. Wanapakia.

HASHIM: Unafanyaje?

IKRAM: Asante, kaka. Nisalimie wifi. (mlango unafunguliwa; sauti yake inakuwa mbali) Wewe wa pikipiki, teremsha hilo gunia! Babu Mwinjuma, shikamoo. Jamani wote, sogeeni. Mahindi ya babu ni makavu. Nimemsingizia.

HASHIM: Dada? Hujakata simu.

IKRAM: (mbali) Na wewe, baba... usiende. Lete magunia yako.

HASHIM: Dada Ikram, simu iko hewa—