Fundi Xavery na Gari Lililolalia Kulia

Leo Jumatano, tarehe 30 Juni 1999, Fundi Xavery anavua ovaroli aliyoivaa katika karakana hii ya hospitali tangu mwaka 1971. Ni miaka ishirini na minane ya utumishi. Ovaroli yenyewe ni ileile, na waliowahi kukaa karibu naye siku ya joto wanajua kwamba hatutanii.

Alikuja kutoka Murukulazo akiwa kijana mwembamba. Ipo picha moja ya kuthibitisha wembamba huo, na huwa haitoi mfukoni bila kuombwa sana. Alianza kwa kuziba pancha, akapanda hadi kuwa bingwa wa miguu ya mbele ya magari: shokapu, springi na kila kinachogonga chini ya sakafu. Gari alilolitengeneza halikutoka hapa bila mtihani wake. Alirudi nyuma kidogo, akajibwaga juu ya bampa kwa mwili wote, kisha akasimama kulitazama. Likinesa mara moja na kutulia, alitangaza, "Hili linabeba hata askofu!" Likiendelea kucheza, lilirudi juu ya jeki. Mabampa kadhaa yalipinda kwa ajili ya elimu hiyo.

Wakimbizi walipoingia Ngara, malori ya chakula yaliichimba barabara ya Nyakahura hadi springi nyingi mpya zikawa hazimalizi masika mawili. Fundi alilala matopeni chini ya magari, mvua ikimwingia shingoni. Hakuna mama mjamzito wa kambini aliyekosa gari kwa uzembe wa Fundi. Hilo tunalisema bila mzaha.

Sasa mzaha wenyewe. Mwaka 1995 alifunga springi mpya mbele ya Land Rover yetu ya wagonjwa. Springi hizo hazifanani. Ya upande wa dereva ni ngumu zaidi, kwa kuwa upande ule hubeba zaidi, na kila moja huja na alama yake ya rangi. Fundi hakuhitaji rangi, alikuwa na uzoefu. Gari likatoka limelalia kulia, upande wa dereva, kama ng'ombe mwenye mwiba kwatoni.

Dereva alikuwa Protasi, marehemu mume wangu. Alipolirudisha, Fundi alilizunguka, akajibwaga juu ya bampa, akatoa hukumu mbele ya karakana nzima: "Gari halina kosa, dereva. Punguza ugali!"

Hukumu hiyo ilitolewa na mtu ambaye kitambi chake kilitangulia kufika kazini kila asubuhi. Watu walicheka hadi wakaangusha spana. Protasi naye alicheka. Lakini jioni ile aliisogeza sahani akaniambia, "Mama Kaneza, nusu inatosha." Aliendelea na nusu hiyo kwa miezi, nami nikawa natoboa matundu mapya kwenye mkanda wake kwa msumari wa moto. Gari likaendelea kulala.

Mwishowe Protasi akabuni dawa. Kila aliyepanda kumsindikiza mgonjwa aliambiwa, "Wote kushoto!" Kule kambini wakadhani ni sheria ya Tanzania. Mama mmoja wa Kirundi, Nimpaye, alifika hapa kwa heshima zote kuuliza kama hata mtoto akizaliwa njiani ni lazima azaliwe upande wa kushoto.

Protasi aliugua, akafariki Machi mwaka jana. Tulimpeleka Kibimba kumzika kwa gari lake lilelile. Waombolezaji, kwa mazoea, walikaa wote kushoto mwa jeneza. Usukani aliushika dereva mwenzake Aristides, ambaye akigeuka ubavu humwoni. Gari likalalia kulia mpaka makaburini. Fundi alikuwa kwenye pikapu iliyotufuata, macho hayatoki kwenye gari letu. Yeye ndiye sauti nzito ya kwaya yetu, lakini siku ile hakuimba.

Baada ya mazishi tuliikuta Land Rover karakanani imeinuliwa, magurudumu ya mbele yametolewa. Fundi alizitoa springi zote mbili, akazibadilisha pande. Safari hii hakulijaribu bampa. Gari likasimama wima, na mpaka leo limesimama wima. Alipoulizwa kulikoni, alijibu kwamba siku hizi barabara imetengenezwa.

Kwa hiyo gari alilinyoosha. Bado Protasi.

Fundi Xavery, asante kwa magari uliyoyarudisha barabarani na kwa vicheko vyote. Kamati imekununulia kiti cha mninga kisicho na springi hata moja, usije ukakosea pande. Ukakae juu yake kwa amani huko Murukulazo, ule ushibe, na asikuhesabie mtu tonge.

Kwa mujibu wa ratiba, baada ya wasifu huu utapewa kipaza sauti utoe neno. Watoto wa Protasi wamekaa mstari wa mbele, upande wa kulia. Waambie baba yao hakuwa mzito.