Mwalimu Kasyoka na Mukwa Wake, 1937–1997

Maneno haya yameandikwa na mdogo wa marehemu, Mulei, na ndiye anayeyasoma. Akinyamaza katikati, mvumilieni. Mpaka asubuhi ya leo kichwa chake kilikuwa bado kinakataa kuamini. Tungeulizwa sote hapa ni nani wa Kibwezi angekufa kwa kuvunjika mfupa, tungetaja majina mia moja kabla ya kufikia la Kasyoka.

Alizaliwa Ikutha tarehe 4 Juni 1937, mtoto wa pili wa Mzee Ndeti na mama yetu Kavata. Alipofika miaka minane mama alimpa mukwa wake mwenyewe, ule ukanda wa ngozi unaopita kwenye kipaji cha uso na kushika mzigo mgongoni. Watoto wengine walipewa nguo mpya, yeye akapewa kazi, na alijivuna kuliko wao.

Aliingia shule mwaka wa 1947. Ilikuwa mwendo wa saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na Mulei, naye alipoanza shule, alikuwa akikimbia nyuma akilia angojewe. Hakungojewa hata siku moja. Kasyoka alimaliza darasa la nane mwaka wa 1954, akasomea ualimu miaka miwili, na Januari 1957 akashika chaki.

Tarehe 12 Agosti 1961 aliolewa na Jonah Musembi, fundi wa reli, mwenyeji wa hapa Kibwezi, akahamia kwenye shamba hili ambamo leo tunamlaza. Walijaliwa watoto watatu, Ndila, Kisilu na Mumbua. Jonah alikuwa mtu wa maneno machache. Alitutangulia mwaka wa 1988.

Kazini, Mwalimu Kasyoka alifundisha sayansi kimu na mazoezi ya viungo, kisha kuanzia mwaka wa 1979 akafundisha ngumbaru, yaani watu wazima. Akina mama walikuja kujifunza kusoma, wakaondoka wakijua pia habari za mifupa. Aliwaambia mfupa unataka vitu viwili, mzigo na chakula, na ukinyimwa kimoja unapungua polepole bila kukuambia. Aliwafundisha kuweka maziwa ya mgando, kupika uji wa wimbi, kukausha majani ya kunde, kula samaki wadogo na miiba yao. Mwaka wa njaa wa 1984, tulipokuwa tukila mahindi ya manjano ya msaada, nyumba nyingi za hapa zilikuwa na gunia la kunde zilizokauka, na kila mtu anajua ni nani aliyewasumbua mpaka wakaziweka.

Tena aliwarukisha kamba. Ndiyo, wanawake wazima, wengine wana wajukuu, nyuma ya kanisa, kila Alhamisi baada ya darasa. Mzee Ndolo, aliyeketi pale mbele leo, alikuja kushtaki.

"Jonah, mke wako anarukisha mama wa watu kama mbuzi."

Jonah aliweka nyundo chini, akafikiri. "Na mimi je?" akasema. "Mimi ananirukisha hapa nyumbani kabla ya chai."

Mzee Ndolo alirudi kwake. Mke wake ana miaka sabini na miwili, na asubuhi hii amekuja hapa kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto.

Sasa tufike pale panapouma. Ndila ameomba pasomwe bila kufichwa.

Mwalimu alistaafu Juni 1992. Watoto walikuwa wamesoma na kupata kazi, na sote tunajua desturi yetu. Mama wa watoto waliofanikiwa hachoti maji. Akionekana njiani na mtungi, wanaochekwa ni watoto. Kwa hiyo Kisilu alimjengea nyumba ya mawe yenye sakafu nyekundu inayong'aa na tangi la maji nyuma. Mumbua alimletea msichana wa kazi. Ndila, kwa kuwa ndiye mkubwa, alitoa mukwa kwenye msumari wake jikoni na kuuweka kwenye mkoba ili aende nao Nairobi.

"Mama, umebeba vya kutosha," alimwambia. "Kaa sasa. Watu watasema nini wakikuona mtoni?"

"Watasema bado nina miguu," akajibu mama yake.

Ndila alicheka. Mama hakucheka, lakini aliwatazama watoto wake watatu waliosimama pale na furaha yao yote, akakosa nguvu ya kuwavunja moyo. Alikaa. Ng'ombe waliuzwa ili wasimsumbue. Uji wa wimbi ukaachwa, yakaja mkate mweupe, biskuti na chai ya rangi. Mwanamke aliyekuwa akienda mtoni mara mbili kwa siku alikaa kwenye kiti cha sofa miaka mitano, akiwa kivulini, na sisi tukapita tukisema amebarikiwa. Hata Mulei alisema hivyo. Alikunywa chai yake kwenye sofa hilo na hakuuliza lolote.

Jumamosi tarehe 1 Machi mwaka huu, saa nne asubuhi, alisimama kufunga dirisha. Aliteleza kwenye ile sakafu. Hakuanguka kutoka juu ya mti wala juu ya ngazi. Aliteleza tu sebuleni kwake, nyonga ikavunjika. Hospitalini, daktari alipoinua picha ya eksirei kwenye mwanga alisema ni mifupa ya mama wa miaka themanini na zaidi.

"Daktari, umechanganya picha," Ndila alisema. "Mama yangu ana hamsini na tisa. Huyu ndiye hufundisha watu mambo ya mifupa."

Picha haikuwa imechanganywa. Jina lilikuwa limeandikwa pembeni. Ndila aliketi chini pale pale kwenye korido, na hakuna aliyeweza kumwinua kwa muda mrefu.

Alipoingia wodini alitaka kuomba msamaha, mama yake akamkatiza.

"Mukwa wangu uko wapi?"

"Uko kwangu, mama. Kwenye kabati."

"Haukuzaliwa kukaa kabatini. Uutoe. Uuvae wewe." Kisha akasema, "Mlinipenda vizuri. Mlinipenda tu kama mnavyompenda mgeni, na mimi niliona haya kusema."

Tulidhani atapona. Jumatatu tarehe 10 Machi alikunywa uji, akamtania nesi kwamba hakai wima. Saa nane mchana damu iliyoganda ilipanda mapafuni, na kabla ya saa tisa tulikuwa tumempoteza. Mpaka sasa Mulei akisikia hatua nyepesi njiani hugeuka.

Ameacha watoto wake Ndila, Kisilu na Mumbua, wajukuu sita, mdogo wake Mulei, mashemeji, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu. Tunawashukuru majirani, kanisa, na madaktari na wauguzi waliomhudumia.

Jambo la mwisho. Asubuhi wengi wenu mliulizana kwa nini mtoto wa kwanza wa marehemu, mwenye ofisi yake Nairobi, anapanda kutoka mtoni na mtungi wa lita ishirini mgongoni na ukanda wa ngozi kwenye uso, wakati tangi limejaa. Kuna waliokimbia kumpokea, akawakatalia. Alikwenda mara nne. Chai mliyokunywa ni ya maji yale, na ukanda ule ni wa bibi yake, ukawa wa mama yake. Sasa mmeelewa. Mwalimu apumzike kwa amani, maana kwa mara ya kwanza ni Mungu aliyemwambia apumzike. Sisi wengine, tukitoka hapa, twende nyumbani kwa miguu.