Salina Jepkosgei, Aliyetangaza Beseboli kwa Simu

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, kaka yake, niwasomee maisha ya dada yetu Salina Jepkosgei, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1964 huko Kabiyet, Nandi, akasoma shule ya msingi hapo hapo nyumbani hadi 1977, na sekondari Kapsabet hadi 1981, ambako alisimama kando ya uwanja wa hoki akitangaza mechi kwa sauti hata walimu wakaacha kusahihisha vitabu wakamsikiliza, kwa kuwa tangu utotoni hakutamani kazi nyingine ila ya redioni.

Redio haikumchukua, akafundisha chekechea, na tarehe 8 Agosti 1987 akafunga ndoa na Bwana Festus Mutai, wakajaliwa binti mmoja, Chelagat.

Mei 2001 Salina alikuja huku Marekani, akawa mtunza wazee kule Annandale, na mwaka 2005, beseboli iliporudi Washington, alikuwa akimhudumia mzee mmoja asiyeona, wakasikiliza mechi pamoja redioni, Salina akicheka kusikia watangazaji wakiuita mpira ulio rahisi kudaka "kopo la mahindi", na wachezaji waliosimama kwenye vituo vya uwanjani, wakingoja kukimbia hadi kituo cha mwisho kiitwacho nyumbani ili wapate pointi, "mabata bwawani". Mumewe, aliyebaki Kenya na Chelagat, alikuwa amenyimwa viza mara tatu, basi kila Jumapili Salina alinunua kadi ya simu akamtangazia mechi kwa Kiswahili, mabata akiyageuza ndama waliokwama ng'ambo ya mto wakiwalilia mama zao, hadi siku moja Bwana Mutai, ambaye hakuwahi kuuona mchezo wenyewe, akamuuliza, "Na hao waliobaki vituoni, wanahesabiwa?"

"Hawahesabiwi, Baba Chelagat, mpaka wafike nyumbani," alijibu Salina, na kadi ikaisha.

Viza ya Bwana Mutai ilitoka Juni 2008, akafika mwezi huo huo, na Jumamosi moja ya Julai Salina akampeleka kwenye uwanja mpya wa beseboli ulio kando ya mto Anacostia, wakakaa juu kabisa kwenye jua, lakini haukupita muda Bwana Mutai akaupa mchezo kisogo, akamtazama mkewe usoni.

"Mama Chelagat, mimi hapa sioni kitu. Nitangazie."

Akamtangazia mpaka mpira wa mwisho, na sauti ikamkauka.

Septemba hiyo madaktari waligundua Salina ana saratani ya tumbo, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, na Alhamisi tarehe 19 Februari 2009, saa nne asubuhi, akatutoka mikononi mwa mumewe, wakiwa wamekaa pamoja miezi minane baada ya miaka saba ya kutengana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani zake wa Bladensburg, alikoishi, waliopika bila kuombwa, wafanyakazi wenzake, na familia ya yule mzee asiyeona, waliomleta mzee wao hapa leo kwa kiti cha magurudumu.

Dada, Mungu akupe pumziko la amani. Nawe Chelagat, ambaye viza yako haijatoka, simu hii imewekwa karibu na jeneza, unasikika vizuri, zungumza na mama yako, sisi tunanyamaza.