Ndala Mbele ya Friji

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza dada yetu, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha yake, nami nitajikaza niyafikishe mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Aprili 1960, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama muuguzi, akasoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu, karibu kiasi kwamba kengele ilimkuta bado anakunywa chai na bado akawahi, akamaliza sekondari mwaka 1978, kisha akajifunza ushonaji, kazi aliyoifanya kwenye baraza ya nyumba ya kupanga, akiwa mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa utani.

Tarehe 5 Septemba 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori, na tarehe 2 Juni 1983 wakajaliwa binti, tuliyemwita Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla hajasimama dede. Mwaka 1986 walinunua friji iliyotumika, ambayo ukiigusa pekupeku ilikutekenya vidole, nasi sote tuliona kichekesho, tukaipa jina la Mchokozi, na kama zilivyofanya nyumba nyingi, na zinavyofanya hadi leo, tukaweka jozi ya ndala mbele yake, anayetaka maji baridi avae kwanza, na askari wa sheria hiyo alikuwa Chiriku, aliyemkaripia hata baba yake.

Jumapili tarehe 8 Februari 1987, dada alizivaa ndala hizo kwenda kuanika nguo uani, mtoto akatoka kuoga, miguu ikichuruzika maji, akauliza kwa sauti, "Mama, ndala ziko wapi?" Dada akamjibu kwamba anakuja, akamalizia kwanza kuanika shuka moja lililobaki. Aliporudi ndani, Chiriku alikuwa ameanguka pekupeku mbele ya friji, umeme umempiga, ameshatutoka, na kwa shuka lile moja dada hakujisamehe hadi siku yake ya mwisho.

Shemeji alimwambia mara nyingi kwamba kosa si lake, naye alimjibu kwamba anataka kujua basi kosa ni la nini, akauza cherehani, Januari 1988 akaingia chuo cha ufundi kusomea umeme, akajifungua mwanawe wa kiume tarehe 19 Novemba 1989 katikati ya masomo, na mwaka 1991 akaajiriwa katika karakana ya hospitali kuu, alikotumika hadi alipostaafu mwaka 2020.

Alichojifunza alimweleza yeyote aliyekubali kukaa naye, kwamba kila boksi, fremu na mlango wa chuma unaobeba vifaa vya umeme lazima uunganishwe kwa waya wa ethi hadi swichi kuu, ili waya wa moto ukigusa bati, umeme upate njia ya kurudi na fyuzi ikatike papo hapo, kwamba kuchimbia nondo ardhini peke yake hakutoshi, na kwamba rangi ikwanguliwe hadi chuma king'ae pale waya unapofungwa, jambo lililomuudhi sana mtunza stoo, aliyetoa makabati mapya ya swichi asubuhi na kuyakuta mchana yana makovu. Wenzake walimwita Mama Ethi, na alipoona ndala mbele ya friji ya mtu hakunywa hata maji, alitoa bisibisi, na sherehe mbili tunazozikumbuka zilichelewa kwa sababu hiyo.

Machi 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa katika wodi aliyoifunga nyaya kwa mikono yake, na siku ya kwanza alikigusa kitanda kwa mgongo wa mkono, kama mafundi wanavyogusa chuma wasichokiamini, akamwambia muuguzi kwamba sasa anaweza kulala. Maradhi yalipompanda kichwani alianza kuuliza ndala ziko wapi, shemeji akamletea, akapiga magoti amvalishe, naye akaivuta miguu, akasema, "Mimi sivai. Ziache hapo, mtoto anakuja." Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwetu, na Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, asubuhi, alikata roho, akimwacha mumewe, mwanawe na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani waliopika na kufua kwetu miezi yote hii bila kuombwa, na wenzake wa karakana, ambao jana, kabla hawajakubali kipaza sauti hiki kiwashwe, walikwangua rangi ya jenereta na kuifunga ethi, huku wakilia. Wengi mmeuliza mlete nini, nasi tunasema msilete maua, ila mkifika nyumbani na kukuta ndala mbele ya friji, msizivae, ichomoeni na mwiteni fundi.

Shemeji amekuja na zile za wodini, amezipanga mwenyewe hapa miguuni pa jeneza, zimeelekea mlangoni, wala hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia aziondoe.

Ndala ziko hapa, dada. Pumzika kwa amani.